Koma

Maktaba hii haina rafu wala vumbi,
wala bibi wa kukunyamazisha kwa jicho.
Ni mistari mia nne na kumi na miwili,
faili moja, nyepesi kuliko picha ya paka.
Kazi yake ni kuisoma programu yako kabla haijaamka
na kukuambia ilipovunjika.

Taavet aliiandika Tartu, ghorofa ya tano, huko Annelinn,
msimu ule ambao saa tisa alasiri
taa za barabarani zimekwisha kuwaka
na theluji juu ya magari imekuwa ngumu kama chumvi ya mawe.
Akaiita Koma.
Kwa Kiestonia, koma ni mkato,
kijimkia cha kumwambia msomaji: pumua, bado naendelea.
Kwangu mimi, ninayeitumia kwa mbali, koma ni amri.
Nilipomwandikia hivyo alijibu:
basi nimepata majina mawili kwa bei ya moja.

Jina lilitoka kwa mama yake.
Helve, miaka thelathini na mmoja msahihishaji wa gazeti,
zamu ya usiku, penseli nyekundu nyuma ya sikio.
Waandishi walimwogopa kuliko mhariri.
Hakuuliza kama habari ni ya kweli
(enzi zile swali hilo lilikuwa na wenyewe),
aliuliza tu: sentensi hii inaishia wapi?

Na Koma imerithi tabia.
Haijui kama programu yako inahesabu maziwa
au inamnyang'anya mjane pensheni.
Funga mabano, itakupitisha.
Uongo ulionyooka sarufi hauna kosa.
Hilo limemnyima Taavet usingizi,
si sana; siku mbili tatu.

Anachojivunia ni namna inavyosema.
Wenzake hupiga kelele, KOSA! KOSA!
kama askari wa forodha aliyekosa chai.
Koma husema:
Mstari wa 38. Nilitarajia mabano ya kufunga,
nikakuta mwisho wa faili.
Nilitarajia. Neno hilo alilitafuta wiki nzima.
Kisha huruka hadi nukta-mkato inayofuata,
hujikung'uta, huendelea kusoma,
maana aliyejikwaa kizingitini
huenda sebuleni akatembea vizuri.

Februari kiharusi kilimpata Helve jikoni,
sufuria ya viazi ingali mkononi.
Maneno alibaki nayo. Kilichokwenda ni mpangilio.
"Mkate," anasema. "Dirisha. Wale. Jana, jana."
Taavet husimama mbele ya sentensi hiyo
na kichwani mwake, hawezi kujizuia, inajiandika:
Mstari wa 1. Nilitarajia kitenzi.

Halafu hufungua dirisha, baridi ikaingia na meno yake,
akapukutisha mkate mweusi wa shayiri ya rai kwenye ukingo.
Ndege wawili wa kifua cha njano
wanakuja kama walikuwa wameambiwa.
Helve hufumba macho.
Imepita.

Watumiaji wanataka toleo lijalo liwe kali zaidi.
Juzi usiku alijaribu kanuni mpya:
mabano yasipofungwa, subiri.
Kusubiri kwa muda gani, hakujua aandike nini.
Akaifuta.

Asubuhi alimkuta mama na karatasi za msimbo alizochapa,
penseli katika mkono wa kushoto, ule usiozoea.
Ukurasa wa tatu, alama moja nyekundu,
fupi, imepinda chini.
Taavet aliukagua mstari ule mara nne. Hauna kosa.
Ameibandika karatasi kwenye jokofu,
kati ya bili ya umeme na ratiba ya dawa.
Labda ni mkato. Labda mkono ulitetemeka.

Haya aliniandikia jana, kwa haraka, bila salamu,
na barua yenyewe iliishia hivi:
tutaonana toleo lijalo (mama ameanza kusema